Jina Lisilokuwa Kwenye Orodha

Wanjira wa Mutuini alianza kusafisha hosteli ya wasichana mwaka wa tisini na moja, na hadi mwaka huu ninaousimulia, wa elfu mbili na sita, alikuwa amekosa kazini mara mbili tu: siku alipomzika mume wake, na siku mvua ilipobeba daraja la mbao la kwao. Hosteli ilikuwa ya kampasi ndogo ya chuo kikuu, huku magharibi mwa Nairobi. Ukisimama ngazi za nyuma unasikia ng'ombe wakipelekwa machinjioni Dagoretti, na ukigeuka unaona miti mirefu ya watu wa Karen. Vyumba thelathini, vitanda sitini. Kila mtu alijua vitanda ni sitini. Kila mtu pia alijua kwamba wasichana waliolala humo walizidi sitini.

Hao waliozidi waliitwa mapairati, na hata wenyewe walijiita hivyo wakicheka. Pairati ni mwanafunzi aliyekosa chumba, akaomba rafiki amwachie nafasi sakafuni, katikati ya vitanda viwili. Mchana godoro lake linakunjwa. Usiku linatandikwa. Sheria ilisema akipatikana anatoka siku hiyo hiyo na mizigo yake, na aliyemkaribisha anatoka naye.

Wanjira aliwajua wote kwa majina, na hakuwahi kumtaja hata mmoja. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Alipita, tena vizuri, barua ya kumwita sekondari ikaja, ikakaa kwenye kabati la mama yake mpaka mende wakaila, maana watoto walikuwa wengi na yeye ndiye aliyeweza kuchuna majani chai. Hakumlaumu mtu. Lakini tangu hapo, msichana aliyebeba vitabu alikuwa kwake kama mtu aliyebeba maji ya kunywa: humpishi njia tu, unakwenda mbele kumfungulia mlango.

Kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Asubuhi ambayo Bwana Kiarie, msimamizi wa hosteli, alikuja kukagua vyumba, Wanjira alimtangulia na ndoo na mopu, na kila alipofika penye pairati aligonga ukuta kwa mpini mara tatu. Basi. Kiarie akifika anakuta vitanda viwili, wasichana wawili, sakafu mbichi inanukia sabuni. Mapairati wameshatokea upande wa kuanikia nguo, na magodoro yao yako ndani ya stoo ya mafagio chini ya ngazi, ambayo ufunguo wake aliushika Wanjira peke yake. Hakuona kama ni uongo. Aliona ni huruma, na jioni alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nzula aliingia chumba cha kumi na nne mwezi wa Januari. Alikuwa mtoto wa Syokau, mjane wa Mwingi anayesuka vikapu, na alikuwa mwaka wa tatu akisomea ualimu wa hesabu. Msichana mrefu, mwenye mwanya, akicheka anafunika mdomo kama ameiba kitu. Vitanda vya chumba hicho vilikuwa vya Jacklyne na Lornah, naye akalala katikati yao. Saa za mchana, Wanjira akipumzika ndani ya stoo, Nzula alikuja kufanyia mazoezi ya kufundisha kwake. Anampindulia ndoo akae, anaandika kwa chaki nyuma ya mlango.

"Wanjira! Thuluthi mbili kutoa nusu?"

"Mwalimu, nimesahau."

"Umesahau tena? Kesho usikuje bila mzazi."

"Mzazi alishaenda mbinguni, mwalimu. Labda nimpigie simu kwa maombi."

Nzula anacheka mpaka chaki inaanguka. Wengine wote walimwita mathe, kama vijana wa Nairobi wanavyowaita mama za watu. Nzula tu ndiye aliyemwita mama, na Wanjira, aliyekuwa na kijana mmoja tu, Wahome, fundi wa magari huko Thika, alilibeba hilo neno kwenda nalo nyumbani jioni.

Mwezi wa tano Jacklyne akaanza kukohoa. Baridi ilikuwa imeingia, ile ya Nairobi inayokaa mpaka Agosti bila jua, na wasichana walilalamika madirisha hayafungi vizuri. Wanjira akakoroga uji wa ngano, akabandika magazeti kwenye kila ufa, chumba baada ya chumba. Chumba cha kumi na nne alibandika mara mbili, kwa sababu aliyelala sakafuni ndiye aliyepata baridi zaidi. Jacklyne akazidi. Akapelekwa zahanati ya chuo, makohozi yakapimwa, ikaonekana ni TB. Akapewa dawa, akarudishwa kwao Kakamega kutibiwa huko.

Siku ya pili yake, nesi wa zahanati aliwakusanya wafanyakazi wa usafi mbele ya chumba hicho. Aliitwa Namalwa, mama mfupi wa Bungoma asiyepoteza maneno. Alisukuma dirisha, likakataa kufunguka.

"Nani amebandika hizi magazeti?"

"Ni mimi, nesi," Wanjira akasema. "Wasichana walikuwa wanasikia baridi."

"Mama Wahome, baridi haileti TB. TB inaletwa na hewa yenye mgonjwa amekohoa ikikosa mahali pa kutoka. Umewafungia ugonjwa ndani." Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliuma zaidi. "Bandueni zote leo. Madirisha yafunguliwe, hata kama wanatetemeka waongeze blanketi. Na hakuna kufagia vumbi likiwa kavu, mnapiga maji kwanza. Mmenielewa?"

Wakasema wameelewa.

"Sasa Jumanne napima kila mtu wa chumba hii. Sitaki walioandikwa, mnanisikia? Nataka waliolala. Mtu amelala hapa hata wiki moja, nataka kumwona. Ikipatikana mapema dawa ni ya bure na mtu anapona kabisa. Ikichelewa mimi sijui."

Kiarie alikuwa amesimama kando yake na orodha. Akakohoa kidogo, akasema, "Na hakuna mtu atafukuzwa hiyo siku. Nimesema."

Wanjira alimtazama. Mwezi wa pili mtu huyo huyo alikuja ghafla usiku, Wanjira ameshaenda nyumbani, akatoa wasichana kumi na mmoja nje na mvua inanyesha, masanduku yakalowa barazani, na mmoja wao hakurudi chuoni tena. Wanjira alimwamini nesi. Kiarie hakumwamini. Na walikuja pamoja.

Jumatatu akamuuliza Nzula, wakiwa stoo. "Wewe unakohoa?"

"Kidogo tu, mama. Ni sakafu."

"Nesi anasema ni vizuri kupimwa."

"Nikipimwa wataandika jina na namba ya chumba. Chumba gani? Mama, nikitolewa hapa sina mahali. Huku nje chumba siwezi, na nyumbani ni mbali. Itabidi niache mwaka huu, na wewe unajua mtu akiacha mwaka hivi anavyorudi."

Wanjira alijua. Alilala akiomba aonyeshwe njia. Na Jumanne asubuhi, aliposikia viatu vya Kiarie kwenye ngazi na sauti ya Namalwa nyuma yake, mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya kwa miaka kumi na mitano. Ukagonga ukuta mara tatu.

Namalwa alimkuta Lornah peke yake. Akampima. Akatazama sakafu iliyopigwa maji, akamtazama Wanjira machoni.

"Ni hawa wawili tu wamekuwa wakilala hapa?"

"Ni wawili, nesi."

Hilo ndilo neno. Maneno matatu, na moja ni cheo cha mtu.

Lornah akaonekana mzima. Lakini aliogopa, akamwambia Nzula kwa upole asirudi kulala humo kwa sasa. Wanjira akampa ile stoo. Alipanga mafagio upande mmoja, akatandika godoro, akamfunika na shuka lake mwenyewe, lile zito alilovaa kwenda kanisani. Stoo haikuwa na dirisha. Alilifikiria hilo, siwezi kusema hakulifikiria. Alijiambia mchana mlango utakuwa wazi.

Juni ikapita. Kikohozi hakikupita. Wanjira alileta tangawizi, akaleta asali kutoka kwa mama mmoja wa Mutuini mwenye mizinga, akamchemshia majani ya mkaratusi ajifukize. Alifunga siku tatu akimwombea. Julai, sketi ya Nzula ilikazwa kwa pini. Kisha pini mbili. Masomo ya hesabu nyuma ya mlango yakawa mafupi, halafu mwalimu akawa anafundisha akiwa amekaa, na mwanafunzi ndiye anayeandika.

"Nzula, twende kwa nesi. Nitaongea mimi."

"Mitihani inaanza wiki ijayo, mama. Wakinipata saa hii watanitoa kabla sijafanya. Wacha nimalize. Ile siku namaliza, naenda kwa Namalwa na miguu yangu mwenyewe. Nakuapia."

"Usiape."

"Basi nakuahidi. Ni wiki mbili tu. Umeningojea tangu Januari, utashindwa na wiki mbili?"

Wanjira akakubali. Ukimuuliza leo atakuambia hapo ndipo alipokosea, hata kuliko siku ile ya kugonga. Siku ile mkono ulimtangulia. Lakini hapa alikaa juu ya ndoo, akafikiri, akamwona mtoto anavyopumua kwa mabega, akakubali.

Jumatano ya wiki ya pili, akifua nguo za Nzula, alikuta leso yenye damu imekunjwa ndani ya soksi. Akaacha nguo majini, akapanda moja kwa moja hadi zahanati. Namalwa alikuwa anamfunga mwanafunzi mmoja kidonda cha mguu.

"Mama Wahome, karibu. Kuna nini?"

Kulikuwa kumebaki karatasi mbili za mtihani. Ya kesho na ya Ijumaa.

"Nilikuwa nauliza kama kuna sabuni ya kusafisha choo imebaki."

"Angalia kwa hiyo kabati ya nje."

Akaangalia kwenye kabati ya nje. Akachukua chupa ambayo hakuihitaji, akashuka nayo.

Alhamisi saa nne asubuhi, katikati ya mtihani, Nzula alikohoa na damu ikajaa karatasi. Walimbeba watu wawili hadi zahanati. Wanjira alisikia kwa msichana aliyekuwa anakimbia, naye akakimbia, mikono ikiwa na povu. Alimkuta Namalwa anafungua faili, kalamu mkononi, anauliza waliombeba, "Huyu anakaa chumba gani? Simwoni kwa orodha."

"Kumi na nne," Wanjira akasema toka mlangoni. "Tangu Januari. Alilala katikati ya Jacklyne na Lornah. Halafu akalala kwa stoo yangu."

Namalwa aliweka kalamu chini polepole.

"Nilikuuliza, Mama Wahome."

"Uliniuliza."

"Wiki kumi zimeisha."

"Najua, nesi."

Nesi alipiga simu, akaita gari, na Nzula akapelekwa hospitali moja kubwa katikati ya jiji. Huko walisema mapafu yote mawili yameharibika na mwili umeisha nguvu, watajaribu. Walijaribu siku tisa. Kila jioni Wanjira alifika wodini. Madirisha yote ya wodi yalikuwa wazi, upepo wa jiji ukiingia na kelele za magari, na yeye akawa anakaa upande ule ambao wauguzi walimwonyesha, kitambaa kimefunika mdomo, miguu ya Nzula mikononi mwake aipashe moto.

"Mama," Nzula alimwambia siku ya saba, sauti ni kama mtu anayeongea nyuma ya pazia, "unadhani watasahihisha ile karatasi? Nilikuwa nimefika swali la nne."

"Watasahihisha."

"Iko na damu."

"Hesabu si iko hapo? Watasoma."

Akacheka. Hakufunika mdomo safari hii, mkono haukufika. "Thuluthi mbili kutoa nusu?"

"Sudusi moja," Wanjira akasema.

"Ona sasa. Umepita."

Alifariki Jumamosi asubuhi. Aliyempa Wanjira habari alikuwa muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka la kitanda kingine, na hakuacha kazi yake akisema, kwa sababu kazi yao ndivyo ilivyo.

Syokau alikuwa amefika jana yake kutoka Mwingi, Wanjira akiwa ameshaondoka, akawahi usiku mmoja tu na mwanawe. Wanjira alimkuta kwenye benchi la nje, mama mwembamba aliyefunga kitambaa cheusi, mikono yenye sugu za katani. Wakaambiana pole. Kisha Syokau akamshika mikono yote miwili.

"Dada, ni wewe Wanjira? Alikuwa ananiambia kwa simu. Anasema, mama, huku nina mama mwingine, ananifunika na shuka lake, ananipa chai. Mimi nikawa nalala usingizi kule nyumbani. Mungu akubariki. Asingekuwa ni wewe, mtoto wangu angekufa kama mtu asiye na mtu."

Wanjira angeweza kunyamaza hapo. Hakuna ambaye angemsuta. Namalwa hakuwepo, Kiarie hakuwepo.

"Mama Nzula, usinibariki kwanza. Mwezi wa sita nesi alikuja kuwapima. Mimi nikamficha. Nikasema hayuko. Angepimwa siku hiyo angepona, nesi amesema. Niliogopa atafukuzwa aache shule."

Syokau hakuielewa mara ya kwanza. Wanjira akairudia, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Akaona uso wa yule mama ukifunguka halafu ukifunga. Mikono ikaachia, si kwa nguvu, ikashuka tu mapajani.

"Shule," Syokau akasema.

Aliwatazama watu wakipita na maua na chakula cha wagonjwa.

"Ulimpenda. Hilo naliona," akasema mwishowe. "Lakini mimi ningemchukua bila shule. Ningemfundisha kusuka." Akasimama, akaenda kuuliza mahali pa kutafuta gari la kumsafirisha. Hakumwambia Wanjira asije mazishini. Hakumwambia aje.

Jumatatu Kiarie alimwita ofisini. Wanjira alikwenda akiwa tayari, funguo za stoo ameziweka kwenye bahasha. Namalwa alikuwa amekaa hapo.

"Mama Wahome," Kiarie akasema, "siku ile nilisema sitafukuza mtu. Ulidhani nadanganya?"

"Ulitoa kumi na mmoja mwezi wa pili, bwana. Kwa mvua."

Kiarie alitazama dirishani. "Ni ukweli," akasema. "Nilitoa."

"Hayo ya nani alikosea tutalia nayo baadaye," Namalwa akasema. "Mimi nina shida ya leo. Mtu amekohoa kwa stoo chini ya ngazi miezi miwili. Wasichana wanaficha magodoro yao humo, wanaingia asubuhi wanatoka jioni. Nawahitaji wote, na hawako kwa karatasi yoyote. Nimebandika tangazo, hakuna amekuja. Wewe ndiye unajua wanalala wapi."

"Ni lini?"

"Mashine ya picha za kifua tunaazimwa Alhamisi, siku moja tu."

Alhamisi ndiyo siku ya mazishi. Chuo kilikuwa kimetoa basi la kwenda Mwingi, linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na Lornah alikuwa amemwekea Wanjira kiti karibu na dirisha. Wanjira alikuwa ameshapiga pasi nguo yake nyeusi.

"Nipe karatasi," akasema.

Hakujua tahajia ya majina yote. Aliandika kama alivyoyasikia, polepole, ulimi ukiwa kwenye pembe ya mdomo. Yalifika kumi na saba.

Alhamisi basi liliondoka bila yeye. Saa mbili alianza chumba cha kwanza, Namalwa akiwa nyuma yake na vikopo vya makohozi ndani ya karai. Wengine walitoka kimya. Wengine walilia. Katika chumba cha ishirini na mbili msichana mmoja anayeitwa Kui, ambaye Wanjira alimficha mihula mitatu, alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mathe, hata wewe? Umetuuza? Si ungekaa tu vile umekuwa ukikaa!"

"Ndiyo, Kui. Chukua sweta tushuke."

"Sishuki. Wakinitoa nitaenda kulala kwako?"

"Utalala kwangu. Chumba kimoja na jikoni, lakini kuna dirisha. Shuka."

"Unasema hivyo kwa vile umeona nesi."

Wanjira aliweka ndoo chini, akaketi juu ya sakafu mbele ya mlango ule, magoti yakilia, yeye na miaka yake arobaini na tisa. "Basi nitakungoja. Sina safari leo. Ile niliyokuwa nayo imeshaondoka."

Kui alikaa ndani karibu saa nzima. Mara arushe kitabu, mara aseme peke yake kwamba watu wa hii hosteli ni wanafiki. Kisha akatoka, hakumtazama Wanjira, akampita, akashuka ngazi akikohoa kidogo, kile kikohozi chepesi cha mtu anayesema ni sakafu.

Wanjira alimfuata. Foleni ilikuwa imefika nje ya zahanati, wasichana kumi na saba na mablanketi mabegani. Ilikuwa saa saba mchana, na kule Mwingi, alivyohesabu, walikuwa wanamteremsha Nzula kaburini. Alisimama mwisho wa foleni, kwa sababu na yeye alipaswa kupimwa, akafumba macho. Alitaka kuomba lakini hakupata neno. Alichopata ni jina, akalisema polepole kwa sauti, lote, la mtoto na la ukoo, kama mtu anayemsomea karani.

"Mathe, songa," msichana wa mbele yake akamwambia. "Mstari unaenda."

Akasonga.